Mama Alivyomnyima Kaka Yangu Chakula

Shule niliyosoma ilikuwa kibanda cha udongo, na mwalimu wetu kijana mwenye kikohozi aliyefundishwa na wamisheni. Nilisoma misimu michache tu, kati ya mavuno na kilimo, kwa hiyo nikieleza jambo kombo mnivumilie. Somo moja lakini nililishika lote, na mpaka leo nikilikumbuka natabasamu, ingawa lilikuja kunitoa machozi.

Mwalimu alisema mwili wa mtu, na wa mbuzi, na hata kitunguu, umejengwa kwa vyumba vidogo ambavyo jicho haliwezi kuviona. Yeye mwenyewe aliviona vya kitunguu siku moja kupitia kioo cha padri. Ndani ya kila chumba, alisema, chakula tulichokula hukutana na hewa tuliyovuta, vikaungua pamoja taratibu bila mwali wala moshi, na kuungua huko ndiko nguvu yetu na joto letu. Ndiyo maana maiti ni baridi.

Wenzangu walipiga miayo. Mimi nilikwisha kuviona vyumba vyote. Katika kila kimoja niliweka mwanamke mdogo aliyejifunga kaniki, amepiga magoti mbele ya mafiga yake, anapuliza moto huku akimsengenya jirani wa chumba cha pili. Nilitembea kutoka shule hadi kwetu Mkonze taratibu nisije nikawatikisia vyungu vyao.

Nyumbani nilimkuta mama anapepeta uwele, nikamsimulia yote. Mama hakuwa mtu wa kuchekacheka. Aliuliza tu, hao wanawake kuni wanapata wapi? Nikamjibu kuni zao ndicho chakula. Na kuni zikiisha? Kesho yake nilimuuliza mwalimu, naye alifikiri kwanza, kisha akasema kwamba mwanzo wanapunguza moto. Zikizidi kukosekana wanachoma akiba ya mafuta. Akiba ikiisha wanachoma vitanda, vigoda na milango, na mwisho kabisa wanazichoma nguzo zinazobeba paa. Nilicheka mpaka nikaambiwa nikasimame nje. Nilimwona yule bibi mdogo anavunja kitanda chake mwenyewe ili apike uji, nikaona hakuna kichekesho kama hicho duniani.

Nilipompelekea mama lile jibu alisema, "Ng'ombe naye ni hivyo hivyo," akaendelea kupepeta.

Kisha ikaja vita ya Wadachi na Waingereza. Sisi haikutuhusu, ila sisi ndio tuliokuwa na nafaka, ng'ombe na mabega. Askari walikuja na jumbe wetu mbele yao, amevaa koti jipya, anaonyesha kidole. Walichukua ng'ombe zizini, wakachukua uwele ghalani, kisha jumbe akaanza kuwaonyesha vijana. Baba alikwisha kufa zamani, kwa hiyo kwetu kidole kilikuwa na mtu mmoja tu wa kumwangukia, kaka yangu. Nyumba ya jirani kilimwangukia mwana wao pekee, rafiki wa kaka. Wale wawili walitahiriwa msimu mmoja na kulala jando moja, na walipenda kugombania mfupa mmoja hata mifupa ikiwa miwili. Walifungwa kamba pamoja wakapelekwa upande wa kaskazini kubeba mizigo ya vita. Mwalimu wetu naye alichukuliwa, pamoja na kikohozi chake. Hakurudi.

Njaa ilipoingia niliitambua, kwa sababu nilikwisha kufundishwa. Kwanza nilisikia baridi mchana wa jua kali, nikasema moyoni, aha, wamepunguza moto. Kisha nikawa mzito. Nikitumwa maji nakaa njiani, si kwa uvivu, ila miguu inafanya shauri kwanza kabla ya kila hatua. Kidonda kidogo cha mwiba kiligoma kupona. Nani atoe kuni za kuziba kidonda? Hata hedhi yangu iliyokuwa imeanza juzi tu ikakatika, na mama akasema ni vizuri, mwili umeona mbali. Niliwasifu wanawake wangu wadogo. Niliwaona wanavyobana matumizi, hakuna amri wala jumbe, kila mmoja anajua achome nini na aache nini. Mashavu yangu yaliondoka, makalio yakaondoka. Mama alikuwa na uwele kidogo ameuzika ndani ya chungu chini ya mafiga, tukawa tunakula usio na kiasi cha kuitwa kula.

Kiangazi kilikuwa kinaelekea mwisho waliporudi. Niliwaona mimi wa kwanza, nikiwa juu ya paa la udongo la tembe letu natandaza majani ya mlenda yakauke. Niliona vitu viwili vinakuja kwa njia ya Haneti, vimeegemeana, nikadhani ni wazee. Walipofika karibu yule mmoja akaniita jina la utani ambalo kaka tu ndiye aliyeniita. Sitalisema hapa, linahusu meno yangu.

Nguzo zilikuwa zimechomwa. Sijui nieleze vipi zaidi. Mapaja ya kaka yalikuwa membamba kuliko magoti yake, na ngozi ya kiuno ilining'inia kama nguo ya kuazima. Alisema wenzao wasioweza tena kuinua mzigo waliachwa kando ya njia, na askari hawakupoteza hata risasi. Wao wawili nao waliachwa hivyo hivyo, ila wakakataa kukaa pale walipowekwa. Walikula mizizi, walikula ngozi ya mkoba. Rafiki yake alikuwa anacheka. Alisema kaka alitafuna mkanda wa mzigo wa Mdachi, kwa hiyo Mdachi anamdai. Mimi nilicheka na kulia kwa pamoja, kamasi zikanitoka.

Sasa kwetu kuna desturi. Mtu aliyechukuliwa akadhaniwa amekufa akirudi, analishwa mbele ya watu. Anapewa nyama na mafuta na ugali, na anatakiwa amalize, watu waone kwamba aliyerudi ni mtu mwenye tumbo wala si kivuli chake. Akibakiza, watu wanaondoka kimya wakiwa na wasiwasi. Jirani, baba wa yule rafiki, alikuwa na kondoo mmoja amemficha makorongoni tangu siku ya askari. Wengine waliuza watoto wao kwa debe la mtama msimu ule. Yeye alikuwa na kondoo na hakumla. Alikuwa akimngojea mwanawe. Siku ile ile akamchinja, akatuma watu waitwe, na akaja mwenyewe mlangoni kwetu kumchukua kaka, maana vijana waliondoka pamoja, basi wale pamoja.

Mama alikuwa amekwisha kumshika kaka mkono. Alimtazama mbavu, akambonyeza nyama ya mguu kwa kidole kama anavyobonyezwa ng'ombe, akatazama lile shimo la kidole linavyochelewa kujaa. Kisha akamwambia jirani kwamba kaka haendi, na kwamba hata yeye asimpe mwanawe ile nyama. Ampe uji wa maji, kidogo, mpaka mvua ya kwanza.

Jirani alidhani hajasikia vizuri. "Shemeji, mwanangu amerudi kutoka kuzimu, nimpe maji?"

"Mpe maji yenye unga. Ng'ombe aliyekonda kiangazi ukimwachia majani mabichi anakufa na majani mdomoni. Unajua hilo, umechunga tangu hujaota meno."

"Mwanangu si ng'ombe."

"Angekuwa ng'ombe angekuwa na bahati," mama alisema.

Jirani alicheka kidogo, kwa huruma, jinsi unavyomchekea mtu aliyeharibika akili kwa njaa. Alisema kama shida ni kwamba mama anaona haya kula cha watu bila chake cha kurudisha, asione haya. Kisha akaondoka na mwanawe begani. Kaka alitaka kuwafuata. Na hapo nikamwona mama yangu, mwanamke aliyekuwa anapumzika mara mbili kutoka mlangoni hadi jikoni, anamkokota kijana mtu mzima mpaka chumba cha ndama, kile cha ndani ya tembe ambacho ndama hawakuwamo tena, na kumsukuma ndani. Aliteremsha magogo ya mlango, akayafunga kwa kamba ya ngozi. Kaka hakuwa na nguvu za kusukuma fito. Alikaa chini alipoangukia, akasema kwa mshangao, "Mama."

Tulikuwa na kata ndogo ya kibuyu ya kuchotea samli, zamani tulipokuwa na samli. Mama alipika uji ambao ungeweza kuona kucha zako ndani yake, akampa kata moja kupitia kwenye magogo. Jua liliposogea akampa nyingine. Basi, hivyo. Huku upande wa pili wa ua mafuta ya mkia wa kondoo yanachuruzika motoni, na harufu ile haikuhitaji mlango. Tuliwasikia watu wakiimba, tukamsikia rafiki yake akiita kwa sauti kutoka kule, "We, unakula nini huko? Mimi nimefika kwenye figo." Alikuwa anataniana naye kama kawaida yao. Kaka aliweka uso kwenye magogo. Alianza kwa kumbembeleza mama kwa maneno ya utotoni. Yaliposhindwa akaanza kumtukana mama. Kisha akanigeukia mimi.

"Dada yangu, wewe una moyo. Niletee hata mfupa waliotupa."

Nilimwambia mama tumpe kidogo, kipande kama ukucha. Nilimweleza kwa somo langu kwamba wanawake wadogo hawana kuni, wanangojea, na kuni hizi hapa ua wa pili. Mama alikuwa ameketi ameegemeza mgongo kwenye mlango ule, amefumba macho. Akaniuliza ng'ombe wetu mwekundu alikufaje. Nilikumbuka. Alivuka kiangazi chote kwa mabua makavu ya mtama, hana kitu ila pembe, na mvua ilipokuja mchungaji akamhurumia akamwachia aende kwenye majani mabichi asubuhi na umande wake. Alikufa jioni, mama akalia kama amefiwa na dada. Ndipo nikajifunza kwamba ng'ombe wa namna hiyo hushikiliwa zizini apewe mabua yale yale aliyoyazoea, na akilia aachwe alie. Majani anaonjeshwa tu, jua likiwa limepanda, na kila kukicha anaongezwa kidogo.

Alisema, "Wanawake wako wamezoea moto wa kijiti kimoja. Ukiwatupia gogo zima watafanyaje?"

Mwalimu hakufika hapo.

Rafiki wa kaka alimaliza chakula chote. Watu walirudi makwao wameridhika, midomo inang'aa, maana kila mmoja alipewa cha kuonja, hata mimi nililetewa kipande. Nilikila nyuma ya nyumba nikiwa na aibu, na kilikuwa kitamu mno. Kesho yake yule rafiki alikula tena, mchuzi na ugali, akaja mpaka mlangoni petu kumchungulia kaka kwenye magogo. Alisema miguu imekuwa mizito. Aliinua mguu mmoja kutuonyesha: ulikuwa umevimba, umenenepa vizuri, nikafurahi kwa ajili yake. Alidhani ni unono. Alisema, "Tazama, mwenzio nimeanza kurudi, wewe bado u mtumwa wa Mdachi." Lakini alipumua katikati ya maneno kama mtu aliyepanda mlima. Mama alimtazama ule mguu, akainuka akaenda kwa jirani. Nilisikia sauti yake huko, ndogo, kisha sauti ya jirani, kubwa. Alirudi akaketi pale pale mlangoni.

Siku iliyofuata yule kijana aliomba maji, akasema moyo unamkimbia, akafa mikono ikiwa juu ya tumbo lililojaa.

Nimeliwaza sana jambo hili. Hakuna aliyenifundisha, kwa hiyo ninayosema ni yangu tu. Nadhani walipoona kuni nyingi zimeingia kwa mkupuo, wanawake wote wadogo walikurupuka kuwasha mafiga yao kwa mara moja, na moto hauwashwi kwa kuni peke yake. Unataka kaa la kuwashia. Makaa yaliyobaki mwilini yalikuwa machache, labda ya moyo tu. Wakayakimbilia kila mmoja na kigae chake, wakayachota, na moyo ukabaki na jiko baridi katikati ya kuni tele. Yeye hakufa kwa njaa. Alikufa kwa karamu, na chakula chenyewe kilikuwa hakijafika hata mbali.

Vilio vilipoanza kaka alijua. Nilidhani sasa ataelewa, atamshukuru mama, na nilikwisha kuipanga ile picha kichwani mwangu, mama anafungua magogo, wanakumbatiana, mimi nalia pembeni kwa furaha. Mimi ni mtu wa kupanga picha. Kaka alilala amegeukia ukuta, na kata ilipoletwa aliimwaga. Mama akachota nyingine. Akaimwaga. Uwele ule ulikuwa umehesabiwa punje, ni riziki yetu tunayoinyima midomo yetu, nao unanywewa na vumbi. Mara ya tatu mama aliingia ndani, akamkalia kifuani, akambana pua mpaka akafungua mdomo. Kifua chake kilikuwa kama kapu kuukuu, nilidhani kitavunjika. Akammiminia. Nilimshika miguu mimi, maana mama aliniambia nimshike.

Baada ya mazishi mama wa marehemu alikuja kwetu. Wanawake hawa wawili walikuwa wameazimana chumvi miaka yote. Alisimama uani hakukaribia.

"Ulijua," alisema.

"Niliwaambia. Mara mbili."

"Uliniambia kama mchoyo, mwenzangu. Ulisimama pale kama unayeogopa kuombwa chochote. Ungepiga magoti. Ungenivunjia chungu changu. Wako umemfungia kwa kamba, wangu ukamwambia kwa mdomo."

Ndilo neno pekee lililopata kumfikia mama, naona. Akasema ni kweli, alikuwa na nguvu za kumkokota mmoja tu.

Watu walianza kunong'ona kwamba mama amemtoa kijana wa watu kwa uchawi ili wake abaki. Wakati mwingine wowote wangemmwagia mdomoni pombe ya mwavi, ile sumu ya kumpimia mchawi. Msimu ule hakuna aliyekuwa na nguvu za kuchota maji ya kuichemshia, basi njaa ikamwokoa mama yangu na uchawi. Nilimwambia hivyo, nikitaka kumchekesha. Hakucheka.

Uji ulianza kuwa mzito kidogo kidogo. Kisha likaingia tone la maziwa ya mbuzi, sijui mama aliyapata kwa kitu gani, ila shanga zake za shingoni sikuziona tena. Kaka alianza kusikia joto. Akaanza kunuka kama mtu, tena kwa kuudhi, badala ya ile harufu tamu ya matunda yaliyooza aliyorudi nayo mdomoni. Kidonda chake cha begani kikafunga. Nilijua maana yake: wanawake wadogo wamerudi kwenye mafiga yao, wanatengeneza vitanda upya. Siku aliyoweza kuinua gogo la juu yeye mwenyewe, mama aliifungua kamba, akaizungusha mkononi akaitundika mahali pake.

Kaka alitoka. Alisimama uani, jua likampiga macho. Kisha akavuka, taratibu, miguu ikifanya shauri, akaingia nyumba ya jirani, akaketi pale alipokuwa akiketi rafiki yake. Yule mama alimpakulia. Kaka alimwita mama. Tulisikia wote wawili, mimi na mama yangu, maana kutoka kule mpaka kwetu hakuna hata ua wa kuzuia sauti.

Hakurudi. Si kwa siku ile wala nyingine. Akikutana na mama njiani alimpisha kwa heshima, jinsi unavyompisha mke wa jumbe. Mimi alinipenda kama kawaida, na jina lile la meno aliniita. Kila jioni mama aliniuliza, "Amekula?" Nikisema amekula anauliza kiasi gani, nami nilimwonyesha kwa viganja. Akiona kingi mno alikunja uso, siku ile haongei tena.

Mvua ya kwanza ilikuja kwa kishindo, na baada yake majani yakachipua mpaka juu ya mapaa yetu. Jirani alikuwa amerudishiwa mtamba mmoja aliyekuwa kwa shemeji zake Haneti, mifupa mitupu, na kaka ndiye aliyekuwa anamchunga. Asubuhi moja mama alipanda juu ya paa kuziba tundu linalovuja, nami nikampandishia udongo. Kule chini mtamba alikuwa analia. Ameona ukijani nje ya zizi, anajibamiza kwenye miti ya lango, anatoa ulimi. Kaka alisimama langoni na fimbo. Kila mtamba alipojitupa mbele, kaka alimchapa usoni kwa nguvu, bila hasira, kisha akamrudishia miguuni mabua makavu ya mtama. Mke wa jirani alitoka akamwambia kitu, nadhani alimwombea mnyama yule. Kaka alitikisa kichwa akamchapa tena.

Mama alikuwa ameshika donge la udongo. Alitazama mpaka likakauka mkononi. Kaka hakuinua uso upande wetu hata mara moja.

"Mwambie asimtoe kabla umande haujakauka," mama aliniambia. Kisha akasema niache tu, kaka anajua, akainama akaendelea kuziba.